Jamaa Aliyewapika Simbilisi wa Mama Yake Wakiwa Hai

Joachim ni fundi wa kuchomelea vyuma. Yupo Makongolosi, kule Chunya kwenye dhahabu, anatengeneza mashine za kusagia mawe. Siku nzima anashinda na moto mkononi, shati limegandia mgongoni, na akitoka kazini anapitia maji ya baridi anajimwagia kichwani anasema "jamani hili joto litatuua." Halafu anafika nyumbani, anaingia jikoni, anafunga mlango, anachochea kuni.

Sio kwa ajili ya ugali, ugali umeshaiva zamani. Anachochea kuni ili simbilisi wake wasipate baridi.

Mwezi wa kumi. Makongolosi. Jiko la bati juu, bati pembeni.

Kama hujui simbilisi, fikiria panya aliyenenepa akanyimwa mkia. Ukipanda Kilolo, Mufindi, Njombe huko, kwa Wahehe na Wabena, unawakuta jikoni wanapishana na miguu ya mpishi, wanagombania maganda ya viazi. Watu wengi wanawafuga wawale. Mama yake Joachim, marehemu, aliyeishi Kilolo, yeye hakuwa anawala. Alikuwa nao kama mwingine anavyokuwa na paka. Anawapa majina, anawasema, anawauliza habari za asubuhi. Kulikuwa na mmoja mweusi mwenye mstari mweupe shingoni, akamwita Katekista. Jike, lakini Katekista. Kuna mweupe mtupu akamwita Mzungu. Padri alipokuwa anapita kijijini alikuwa anatambulishwa kwao.

Mama akafariki. Baada ya matanga ndugu wakakaa chini kugawana. Huyu akachukua shamba la bondeni, yule miti ya mbao, dada yao Faustina aliyebaki nyumbani kumuuguza mama akapewa nyumba. Zamu ya Joachim ikafika, kitinda mimba, wote wanamwangalia.

"Mimi nipeni simbilisi."

Ukumbi mzima ulicheka, na wengine walikuwa bado na vitambaa vya msiba kichwani. Faustina akacheka zaidi, maana yule dada akicheka hajui kuficha jino. Akasema, "Beba panya zako, kitinda mimba. Na wakiisha uje tukupe kuku."

Mtu mwenye akili angecheka naye, angechukua jozi mbili, angeondoka. Joachim akanuna. Akatafuta tenga, akaingia jikoni kwa mama yake, akawakusanya wote. Wote, mpaka watoto. Hakuacha hata mmoja kwenye lile jiko. Akamwambia dada yake, "Nyie kaeni na ardhi. Mama naondoka naye mimi." Na kuanzia hapo Faustina akipiga simu, haipokelewi.

Kwa hiyo muelewe hesabu ilivyokaa. Kizazi chote cha simbilisi wa yule mama kilikuwa ndani ya tenga moja, mikononi mwa bwana mmoja mwenye hasira. Wakifa, wameisha. Hakuna pa kwenda kuomba mbegu.

Mwanzoni mambo yalimnyookea, na hapo ndipo alipoharibikiwa. Alikuwa bado anaishi Uyole, pale Mbeya. Uyole baridi yake mnaijua, mwezi wa saba unavaa koti ndani ya koti. Aliwaweka jikoni, moto unawaka, moshi umetanda, simbilisi wakanenepa. Akaanza kujiita mfugaji. Mtu akimuuliza siri, anajibu kwa sauti ya kitabu: "Simbilisi asiyeona moshi hafiki Krismasi. Mama alikuwa anasema."

Kisha kazi ikamwita Makongolosi. Akahama na mke wake Ikupa, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtoto wao Pendo akabaki shule ya bweni Mbeya. Kazi mpya, nyumba ya kupanga, tenga kwenye buti la basi. Mwezi wa nane huwa hausemi kitu kule. Mwezi wa tisa mwishoni jua likafungua mdomo.

Ikupa anauza maandazi na juisi ya ubuyu mbele ya nyumba. Ni mtu anayeongea polepole, na akiongea polepole ujue ameshachoka na wewe.

"Baba Pendo, toa hizo kuni. Jiko limekuwa tanuri."

"Mama Pendo, wewe hujui simbilisi. Kwenu mnafuga ng'ombe."

"Ng'ombe wetu tukiona anahema tunamsogeza kivulini. Hawa wanahema."

"Wanapumua. Simbilisi asiyeona moshi hafiki Krismasi, mama alikuwa anasema."

"Alikuwa anasema akiwa wapi?"

Hapo alitakiwa anyamaze afikirie. Swali limeshajibu lenyewe. Kilolo ukiamka asubuhi unakuta umande umegeuka barafu kwenye majani ya njegere, Makongolosi ukiweka yai juu ya bati saa nane mchana unaweza kulila. Lakini bwana akamwona mke wake anaitukana familia. Akaongeza ukuni.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Mzungu. Alikutwa amejinyoosha kwenye kona, tumbo limegandamana na sakafu kama mtu anatafuta ubaridi wa saruji. Joachim akaenda nalo hilo kazini kama msiba wa mtu, nyundo haishikiki. Zabron, fundi mwenzake, ni mtu wa Geita na mdomo wake hauna mlango.

"Fundi, una nini leo?"

"Mzungu amekufa."

Zabron akavua miwani ya kuchomelea. "Mzungu yupi? Wa kampuni?"

"Simbilisi wangu. Yule mweupe."

"Aaa!" Akairudisha miwani. "Sasa amekufa au ameiva?"

Karakana nzima ikalala chini kwa kicheko. Zabron ni mshenzi, sikatai. Lakini kati ya watu wote wa Makongolosi yeye ndiye aliyetoa taarifa sahihi ya kitabibu, na hakuna aliyeiandika. Mnyama alikuwa ameiva.

Siku chache mbele wakafa wengine wawili. Hapo Joachim akaanza kufanya kitu ambacho tunakifanya wote nchi hii tukishindwa kutumia kichwa. Akaanza kutafuta mtu.

"Mama Pendo, hii sio bure. Kuna mkono wa mtu."

"Mkono wako. Unachochea kuni."

"Dada Faustina ana kinyongo. Alisema wakiisha niende nipewe kuku. Alijuaje wataisha?"

Ikupa alikuwa anachuja ubuyu. Akaacha. "Yaani uchawi upande basi kutoka Kilolo, ushuke Mbeya, upande lingine la Chunya, upite watu wote wenye dhahabu hapa, uje kwako kutafuta panya?"

"Sio panya."

"Hilo ndilo ulilosikia?"

Ndilo alilosikia. Mtu akishaamua dada yake ni mchawi, huwezi kumweleza habari za bati.

Ila usiku wake aliangalia simu. Sijui nani aliwadanganya watu kwamba kuangalia video ni sawa na kujua. Akakuta watu wa nchi za mbali huko wana simbilisi wao ndani ya nyumba nzuri, wanapulizwa na feni, wamewekewa chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kwenye taulo, mnyama analala pembeni yake akitaka, asipotaka anasogea. Video ya kueleweka kabisa. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, Joachim akatazama picha tu. Akaona barafu, akaona wanyama. Taulo hakuiona.

Kesho yake mchana akazima moto, nampa hiyo, ameuzima. Akanunua barafu ya mifuko, akaimwaga kwenye boksi juu ya nyasi zao, akawaweka hapo. Akaona haitoshi. Akachukua ndoo ya maji yenye barafu, akawamwagia.

Kutoka kwenye tanuri mpaka kwenye friji, bila kituo katikati. Jaribu wewe. Walitetemeka mpaka jioni, nyasi zimeloa chapachapa, manyoya yamelala mwilini. Asubuhi wawili walikutwa wamekufa, wamekakamaa kama magome. Bwana akawasha moto tena, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Kwa sababu, anasema, si mmeona, baridi imewaua, mama alikuwa sahihi.

Nilipofika kwao kumtembelea Ikupa, ambaye mama yake na mama yangu ni mtu na mdogo wake, hali ilikuwa imefika hapo. Wamebaki watatu. Katekista, na madume mawili yasiyo na majina kwa sababu aliyekuwa anatoa majina amezikwa. Katekista ana mimba, tumbo linaburuza chini. Jumapili, saa saba mchana, watu wametoka kanisani. Ikupa anamenya kabichi. Kawaida simbilisi akisikia kisu kimegusa kabichi anapiga kelele nyumba nzima inajua. Siku hiyo kisu kilimaliza kabichi nzima, kimya.

Tukaingia. Joto la mle ndani lilinisukuma kifuani kama mtu. Katekista kalala ubavu, miguu ya nyuma kainyoosha, mbavu zinakimbia, mate yamelowesha kidevu. Joachim kapiga magoti pembeni na rozari. Rozari! Mafiga yanatoa moshi nyuma yake.

"Anaenda," akasema. "Huyu akienda, nimemzika mama mara ya pili."

Nitakuwa mkweli, hapo dharau ilinipungua kidogo. Yule bwana alikuwa analia kweli. Lakini kulia hakupoozi mtu.

Ikupa akachukua simu ya mume wake kwenye meza, akatafuta jina, akapiga, akaweka sauti ya nje, akamshikisha mkononi. Joachim alipoona jina alitaka kukata. Faustina alishapokea.

"Kamwene. Nani amekufa?"

Salamu ya kwao, kisha maiti, ndivyo alivyoanza. Mtu ambaye hajapokelewa simu zaidi ya mwaka, akipigiwa anaulizia maiti.

"Hakuna aliyekufa, dada. Kamwene."

"Basi umekosea namba."

"Dada. Katekista anakufa."

Jogoo akawika upande wa pili.

"Katekista wa mama?"

"Huyo huyo. Ana mimba. Anahema, mate yanamtoka, hataki kula."

"Uko wapi?"

"Makongolosi. Jikoni."

"Jikoni. Mafiga yako wapi?"

"Si yako jikoni, dada."

"Moto unawaka?"

Joachim akaangalia moto kama ndio kwanza anatambulishwa. "Unawaka kidogo. Simbilisi asiyeona moshi hafiki..."

"Wewe mbwiga!" Simu nusura imdondoke. "Mwezi wa kumi unawasha moto ndani ya bati! Mtoe huyo mnyama nje sasa hivi, kivulini, chini kwenye udongo. Umeshamtoa?"

"Namtoa."

"Loweka kitambaa kwa maji ya kawaida. Ya kawaida, sio ya barafu. Umfute masikio, umfute nyayo. Usimmwagie. Umesikia? Umewahi kuona simbilisi anaoga?"

Ikupa alinitazama. Mimi nikatazama juu kwenye bati.

Tukamtoa nje, upande wa ukuta ambao jua lilikuwa limeshauacha. Ikupa akaloweka kanga, akaanza kumfuta masikio. Faustina anaendelea kuongea kutoka mkononi mwa mdogo wake, na sasa hakuwa anapiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mama maneno yale alikuwa anasema, ndiyo. Mwezi wa sita. Joto likianza, mafiga alikuwa anayatoa jikoni anayapeleka nje chini ya upenu. Mwezi wa kumi wote na wa kumi na moja tunapika nje mpaka mvua ya kwanza. Jikoni anafungua mlango wa nyuma, ananyunyiza maji sakafuni, simbilisi wanabaki na jiko lao. Watu wa njiani walikuwa wanamcheka, mwanamke gani anawaachia panya jiko yeye anapikia vumbini. Hukuwahi kuona?"

"Sijawahi."

"Utaonaje. Ulikuwa unakaa kwa baba mdogo Uyole, huku unaletwa likizo ya mwezi wa sita. Desemba mnasema barabara matope, gari hazipandi. Mwezi wa kumi wa mama huujui."

Basi ndio hiyo. Jamaa alimjua mama yake kwa msimu mmoja, akamgeuza sheria ya mwaka mzima. Na tusimcheke peke yake, tuko wengi. Tunakwenda nyumbani wiki ya sikukuu, tunakula kuku, tunarudi mjini tunawafundisha wenzetu mila. Waliobaki kule wanaosha vyombo wanajua miezi mingine yote, ila hao hatupokei simu zao.

"Una mtungi?" Faustina akauliza.

Joachim akamwangalia mke wake. Ikupa alikuwa na mtungi mmoja, wa udongo, wa kule Matema, alipewa na mama yake siku anaolewa. Ndio friji yake ya maji, maana umeme wa pale unakatika kama una ugomvi na watu. Mwanamke akafunga macho, akayafungua.

"Chukua," akasema. "Ukiuvunja na wewe nakuvunja."

Wakaulaza mtungi ubavu kivulini, wakaufukia nusu kwenye mchanga, mchanga ukamwagiwa maji, gunia la katani likaloweshwa likaning'inizwa upande unakotoka upepo. Mdomo wazi, majani makavu kidogo ndani, tango limekatwa. Hakuna feni, hakuna video. Katekista akawekwa mlangoni mwa mtungi. Jua lilipoanza kushuka akajikokota mwenyewe akaingia ndani. Baadaye Ikupa akachukua kabichi nyingine akaikata pale karibu, makusudi.

Kwiii.

Joachim alikaa chini kwenye vumbi na nguo za kanisani.

"Dada, amelia!"

"Nimesikia, mimi sio kiziwi." Halafu Faustina akauliza kile ambacho Joachim aliomba asiulize. "Wamebaki wangapi?"

Akaangalia mtungi. Akaangalia mchanga. "Watatu."

Upande wa pili yule jogoo akawika tena. Kisha: "Ulitoka hapa na tenga limejaa." Akakata.

Mafiga yalihamia nje siku hiyo hiyo. Zabron alipopita akaona mwenzake anapikia vumbini na panya wamelala kwenye mtungi wa maharusi, alicheka mpaka akashika mti. Joachim hakujibu. Alikuwa ameanza kujifunza kunyamaza, somo ambalo lilimchelewa sana.

Katekista akazaa wawili, wana manyoya tayari, macho wazi, saa ile ile wanakimbia. Mmoja ana mstari mweupe shingoni. Na hapo bwana akaanza kujisifu tena, si unajua. "Nimewaokoa." Nani amewaokoa? Mtu akichoma nyumba kisha akatoa kiti, anaitwa mwokozi siku hizi?

Lakini joto halikuwa limeisha na gunia halijiloweshi. Akiwa kazini anawaza gunia. Anakimbia mchana kurudi kulowesha, bosi anafoka. Siku moja mashine ilimganda mkononi, akachelewa, Ikupa yupo sokoni; alifika akakuta gunia limekauka kama ngozi ya ngoma na watoto wawili wamebanana mwisho kabisa wa mtungi, vifua vinakwenda mbio. Walipona. Yeye ndiye ambaye hakupona. Jioni alikaa na mafiga yake nje, hakula.

"Mama Pendo, mimi nawaweka hapa kwa ajili ya nani?"

"Umeuliza mwenyewe," Ikupa akasema, "nisije nikaambiwa nimekutukana."

Hakusubiri Krismasi. Alipanda gari la alfajiri, kabla jua halijaamka, tenga limefunikwa kwa gunia bichi. Mbeya akabadilisha. Kuanzia Makambako, anasema, hewa ikaanza kuwa hewa, simbilisi wakaanza kulia wakisikia abiria anamenya chungwa. Kilolo akafika jioni. Mafiga yalikuwa nje chini ya upenu, kama alivyoambiwa, sufuria la maharage juu yake. Mlango wa nyuma wa jiko uko wazi.

Faustina hakumkumbatia. Alifungua tenga, akaangalia muda mrefu, akamtoa yule mdogo mwenye mstari, akamgeuza akamtazama tumbo.

"Njia ilikuwa ndefu," Joachim akasema.

"Njia haikuwala."

Akawamwaga sakafuni. Hawakujiuliza, walikwenda moja kwa moja ukutani kule yalikokuwa maganda ya viazi. Faustina alikuwa ameyaweka kabla mdogo wake hajafika. Joachim akakaa kwenye kigoda cha mama yake, mwanaume wa kuchomelea vyuma, anaangalia panya wanakula.

"Nichukue jozi, mwakani?" akauliza. "Wakizaana?"

"Utapeleka wapi?"

Akafikiria. Kwa mara ya kwanza mbele ya simbilisi, alifikiria kwanza. "Labda nikirudi Uyole."

"Ukirudi Uyole. Sasa inuka ukachote maji, sakafu imekauka. Hukuja kukaa kama mgeni wa mwezi wa sita."

Mtungi uko Makongolosi mpaka leo, kivulini, nusu umefukiwa. Ikupa aliukosha mara moja, kwa sabuni, na akaona inatosha. Sasa anapoozea humo chupa za juisi ya ubuyu. Zabron ndiye mteja mkubwa, kila mchana yupo, anasema hakuna juisi ya baridi tamu kama hiyo Chunya nzima. Hajawahi kuuliza nani alilala humo, na Joachim anamwangalia akinywa, kimya, anafurahi sana.